Tabaka Ambalo Halikuwapo

Kazi yangu Guangzhou ilikuwa kulainisha maneno. Mfanyabiashara wa Mbeya au wa Lubumbashi akija kununua nguo soko la Shahe, mimi ndiye niliyesimama kati yake na laoban, mwenye duka. Laoban akifoka, "Mwondoe huyu, bei yake ni matusi," nilimgeukia mteja nikasema, "Bosi anaomba uongeze kidogo." Wote wawili waliachana wakicheka, nami nikapata changu. Asiyejua kulainisha hakudumu Shahe hata msimu mmoja.

Ndiyo maana nilimshangaa mzee mmoja Mwingereza aliponitaka niwe mkalimani wake. Tulisali pamoja Jumapili, na alikuwa amepanga chumba jirani na changu, mtaa wa Huanshi Zhonglu, juu ya mgahawa wa Wakongo. Alikuwa mtaalamu wa miamba iliyo chini ya bahari. Kiswahili alikipata ujanani, kwenye meli ya utafiti iliyofanya kazi pwani ya Tanzania. Aliyemfundisha ni mpishi wa meli, hivyo mpaka uzeeni alizungumza kama mtu anayegombana na sufuria.

Nilipenda kumsikiliza akieleza kazi yake. Meli huburuta waya mrefu wenye vinasa sauti, kisha hewa iliyoshindiliwa hufyatuliwa majini kwa kishindo. Sauti hushuka, hupenya matope, hugonga mwamba na kurudi. Kwa kupima muda wa kurudi, yeye huchora kilichojificha huko chini. Maisha yake yote aliyapitisha hivyo, na maisha yake yote alitapika. Bahari haikumzoea kabisa. Alikaa na ndoo pembeni na kalamu mkononi, safari baada ya safari. Mimi ningeacha kazi siku ya pili.

Ramani yake kubwa, ya bahari ya kusini mwa China, ilitundikwa ukumbini mwa taasisi iliyomwalika kufundisha. Watu walikuwa wamepata shahada na vyeo kwa ramani hiyo. Halafu binti mmoja, mwanafunzi wake, akapima upya na kuona kwamba tabaka la mwamba mgumu lililochorwa pale halipo. Sauti ilikuwa imegonga sakafu ya bahari, ikapanda, ikagonga uso wa maji, ikashuka tena. Mzee alikuwa amechora mwangwi wa pili akidhani ni mwamba.

Binti aliomba nafasi kwenye meli iliyokuwa ikijiandaa kuondoka bandari ya Huangpu, akalithibitishe hilo. Wakubwa wa taasisi hawakutaka hata kumsikia. Yeye ni nani wa kumsahihisha bwana mkubwa?

"Mkalimani wao ana adabu mno," mzee aliniambia tukila wali na maharage. "Nikisema kibaya, atawaambia kizuri. Nakutaka wewe, dada."

"Mzee, fundi wa kulainisha ndiye mimi. Ulizia Shahe nzima!"

"Najua. Fundi anajua pia pa kuacha."

"Na binti akikosa hiyo meli?"

"Anarudi kwao mikono mitupu. Kwa sababu yangu."

Siku ya kikao cha taasisi nilivaa gauni langu la kanisani. Mzee alisimama chini ya ramani yake, akasema kwa Kiswahili, "Nilikosea. Tabaka hili halipo. Binti huyu yuko sahihi." Nikayatoa kwa Kichina yalivyo, bila sukari. Jasho lilinitoka.

Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti alisimama, uso umemjaa furaha, akasema hajawahi kuona msomi mnyenyekevu namna hii. Mzee akarudia. Nami nikarudia. Makofi yakazidi. Nilipandwa na hasira. Kwao, mkubwa akijishusha ni adabu tu, kama mwenyeji anayekuambia hakuna chakula huku meza imejaa. Ukimwamini, mjinga ni wewe. Yule binti alikuwa ameinama, na mwenyekiti alishaanza kukusanya makaratasi.

Nilimnong'oneza mzee, "Hawakuamini. Wanadhani ni heshima."

Alishuka jukwaani, akavipita viti vya wakubwa mstari wa mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa, katikati ya wanafunzi. Akainua mkono. Aliuacha juu mpaka watu wakanyamaza. Kisha, kwa Kichina chake kibovu, akamwita yule binti laoshi, jina wanaloitwa walimu, tena walimu wanaoheshimiwa.

"Laoshi," alisema, "sijaelewa. Nieleze tena sauti ilirudi vipi."

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Binti alinitazama, labda akitegemea nitatafsiri. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Nimefanya kazi na matajiri wa kila aina katika mji ule, wengine wenye makontena yasiyohesabika, na sikupata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mzee aliyekaa nyuma na mkono wake juu.

Binti akachukua chaki. Mwanzoni mstari ulipinda. Akachora uso wa maji, akachora sakafu, akaichora sauti ikishuka na kupanda. Alipofika penye kosa akagonga ubao kwa kidole, akamuuliza mzee kama sasa ameelewa. Mzee akasema bado. Akaeleza tena, sauti imemtulia.

Mwenyekiti alikuwa ameyashika makaratasi yake muda wote huo. Aliyaweka chini, akavuta kiti karibu na ubao, akasema hata yeye bado hajaelewa, na kwamba laoshi aende na meli akawaletee jibu.