P Iliyomezwa na Mashine

Sauti ya ile mashine ya kupukuchua mahindi bado ninaisikia: inakohoa kwanza, kisha inanguruma hadi meno yanatetema, na punje zinagonga debe kama mvua ya mawe. Ndiyo iliyokuwa ikinguruma siku kaka yangu alipoleta barua, kwetu katika eneo la Kwanza, nje ya Kitale. Mimi nilikuwa nimekumbatia gunia. Akaifungua yeye.

"Ni ya chuo!" akapiga kelele. "Ati... resume! Wanasema u-resume! Si nilikuambia, bana?"

Neno hilo tulilijua sote. Kila tulipofunga shule lilikuwa chini ya fomu ya ripoti, pamoja na tarehe ya kurudi. Nikaruka na gunia langu.

Nilikuwa nimeacha masomo ya ualimu wa chekechea pale Bungoma, kwa sababu mama alivunjika mguu shambani na hakukuwa na mwingine wa kumwosha. Nilisema ni wiki mbili. Nikakaa miezi mitatu, wala sikuandika kuwaeleza. Niliona aibu. Lakini hata nikikoroga uji nilijiona mbele ya watoto thelathini wenye kamasi, nawaimbisha a, e, i, o, u.

Mama, mguu juu ya kigoda, akasema, "Enda. Mimi sasa natembea mpaka chooni peke yangu. Unangoja nini?"

Jumatatu nikafika Bungoma na sanduku langu la bati. Karani wa chuo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaisoma barua, akanitazama, akaisoma tena.

"Mami, nani alikuambia urudi?"

"Si barua imesema ni-resume?"

"Hii si lesume. Ni plesume," akasema; kinywani mwake kila r ilikuwa l.

Nikadhani ananitania. Akaweka kidole. Kweli, mbele ya neno letu ilisimama p ndogo. Kaka hakuiona, na hata angeisema, ile mashine ingeimeza.

Akatoa kamusi kuukuu, iliyovalishwa karatasi ya khaki kama daftari. Yule mama alipenda maneno; alisema masista waliomfundisha ndio waliomwambukiza. Akanieleza kwamba presume ni kuamini jambo kabla hujalithibitisha, na kwamba limetoka Kilatini: mapema, kisha kuchukua.

"Unachukua kabla hujaona. Na lesume ni kuchukua tena. Hawa ni ndugu, mama yao mmoja."

"Hata sisi tunasema kuchukulia," nikajibu.

"Ehe! Sasa hawa wamechukulia kwamba hutaki tena nafasi yako."

Machozi yakanitoka. "Kwa hivyo imeenda?"

"Wacha kulia juu ya karatasi ya ofisi. Wamechukulia, hawajajua. Keti hapo umwandikie mkuu wa chuo mambo yalivyokuwa. Na usipambe."

Niliandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu kilikuwa kimeshaniangusha siku hiyo. Niliandika juu ya mguu wa mama, na uji, na aibu yangu. Mwisho nikaweka: "Mimi nilichukulia mtanielewa bila kuwaambia. Nanyi mlichukulia sitaki. Nataka."

Karani akaipeleka ndani. Nikabaki na sanduku katikati ya magoti. Ng'ambo ya ua, watoto wa shule ya mazoezi walikuwa wakiimba nambari. Tano, sita, nane! "Saba," nikanong'ona. Wakarudia, wakairuka tena. Nilitamani kukimbia pale niwaonyeshe saba kwa vidole, lakini sikujua kama bado nilikuwa mtu wa pale.

Mlango ukafunguka.

"Amesema uanze muhula upya," karani akasema. "Na siku nyingine uandike mapema." Akanirudishia barua ya chuo, akapangusa miwani. "Sasa mbona unalia tena? Si umechukuliwa?"

Nilipoonyeshwa kitanda, bweni lilikuwa tupu. Wenzangu wote walikuwa darasani. Nikaikunjua ile barua juu ya sanduku, nikatoa wembe wangu wa kuchongea penseli, nikaikwaruza ile p polepole, mpaka ikatoka.