Nilibishania mwisho wa meli ya anga mpaka nikaenda Kobero kumtafuta aliyetutafsiria

Wakuu, heshima kwenu.

Humu mimi ni msomaji wa kimyakimya, ila hili limenishinda kumeza. Yote yamenitokea mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningetunga kitu kinachoeleweka.

Mnijue kwanza. Ni Mrundi, ila nimekulia kambini Kigoma. Amani ilipotulia tulirudi na mama, sasa tunalima Itaba, mkoa wa Gitega. Kiswahili changu ni cha huko kwenu, msinishangae.

Kambini kulikuwa na banda la video. Series iliyotukamata ilikuwa ya meli ya anga: watu wamekimbia vita kwenye sayari yao, wanazunguka miaka na miaka wakitafuta njia ya kurudi. Jina sitaji, nisije nikaambiwa natangaza biashara.

Ilikuwa kwa Kiingereza cha haraka haraka ambacho hakuna mtoto aliyekiambulia. Aliyetutafsiria ni kaka mmoja anaitwa Onesmo. Anakaa pembeni ya TV na maiki, picha inaenda na yeye anaenda.

Alikuwa anajua, wakuu. Captain akikohoa, Onesmo naye anakohoa.

Tuje kwenye ugomvi.

Nipo kwenye group la WhatsApp la wapenzi wa series za anga, wengi ni wa Gitega na Muyinga. Siku moja mtu akapost picha mbili za ile meli. Season za mwanzo ina tumbo la duara kama kibuyu. Season ya mwisho ni bapa kama pasi. Akauliza, ipi kali?

Nikajibu kwa kujiamini kwamba kibuyu ndiyo meli yenyewe, hiyo pasi ni baada ya kupelekwa gereji kubadilishwa bodi.

Group zima likacheka. Gereji gani?

Aliyenikalia kooni ni Hamimu, fundi cherehani wa Muyinga. Kwao ni Waislamu wa mjini, watu wa ufundi na biashara tangu kwa babu zake. Yeye hakuwahi kukimbilia nje, na series yote aliiona kwa Kifaransa. Akatuma voice:

"Weye rafiki, gereji haiko mule! Ile meli iko ingine kabisa. Imetoka timeline ingine, historia ingine kule vita haikutokea. Donc, kwa hiyo hata wale watu ni wengine, sura tu ndiyo moja."

Nilikuwa shambani, katikati ya maharage. Nikaisikiliza mara mbili, nikaegemea jembe.

Timeline? Miaka yote hiyo sijawahi kusikia kwamba mle ndani kuna timeline.

Tukabishana weee, watu wakaanza kuleft group. Mwishowe nikamwambia: sawa, tuache bodi, mwisho wake si unaujua? Meli inafika nyumbani, wanakuta watu wengine wanakaa kwenye nyumba zao. Captain anashuka, wanaketi chini, wanagawana ardhi.

Hamimu akajibu kwa maandishi, safari hii bila kicheko. "Hapana. Wale waliokutwa kule ni wao wenyewe, wa ile timeline isiyo na vita. Captain wa kile kibuyu aliwaangalia kwenye kioo, akageuza meli. Hakushuka."

Hapo nisimame kidogo, maana mtasema jitu zima linalilia sinema.

Tuliporudi Itaba tulikuta familia nyingine inalima shamba letu. Si watu wabaya, nao walikuwa wametoka kwao. Mama alikubali tugawane nusu kwa nusu. Mimi nilikuwa kijana, damu inachemka, nilitaka nirudi zangu Tanzania siku hiyohiyo.

Kilichonituliza ni nini? Ile episode. Nilijiambia, mbona hata wale wa kwenye meli waligawana na maisha yakaendelea.

Najua ni ujinga. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo Hamimu aliponiambia captain hakushuka, nilihisi kama mtu kanivutia mkeka niliokalia. Nikapanda gari mpaka Muyinga.

Alinipokea vizuri, akanipa chai, akasogeza vitambaa vya wateja akaweka laptop juu ya meza ya kukatia. Tukaitazama ile ya mwisho.

Gereji hakuna. Captain anasimama mbele ya kioo, chini wanaonekana watu wanacheka na watoto wao. Halafu meli inageuka.

Nilitegemea Hamimu ataruka ruka kwa ushindi. Akafunga laptop polepole.

"Pole. Mi niliona ni ubishi tu, kumbe kwako iko kitu."

Yeye ndiye aliyesema twende tumtafute mkalimani. Nilipomtajia jina, akakumbuka dereva aliyewahi kumwambia kwamba kuna Onesmo wa kambini yupo Kobero, mpakani, anawatafsiria madereva wa malori wanapokwama na watu wa forodha. Tukaenda.

Tulimkuta. Ameota mvi, ila sauti ni ileile. Nilimwambia mimi ni mmoja wa watoto wa lile banda, akanikumbatia kwa nguvu.

"Kaka Onesmo, ile gereji uliitoa wapi?"

Akacheka, gereji haikumbuki kabisa. Ila mwisho aliukumbuka. Akasema captain alishuka, akaweka mguu kwenye udongo, mama mmoja akamletea maji ya kunywa.

Hamimu akamwambia kwa adabu, "Kaka, tumetoka kuiona leo. Hashuki."

Onesmo akayageukia malori.

"Mimi nilimwona anashuka. Kama hakushuka, basi nilikuwa natafsiri nini?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anatuuliza sisi.

Dereva mmoja akamwita, akaenda.

Nikarudi Itaba kichwa kinazunguka. Nikamuuliza mama kama anaikumbuka ile meli.

"Meli ipi? Mimi nilikuwa nakuja pale mlangoni kukuita ukachote maji."

Nikamuuliza, basi kwa nini alikubali kugawana shamba?

"Mke wa yule bwana alikuwa mjamzito, na mvua zilikuwa zinakaribia. Wewe ungefanyaje?"

Nikamsimulia mwisho wa kweli, jinsi captain alivyogeuza meli. Mama akaacha kuchambua maharage.

"Wakaenda wapi?"

Nikasema sijui, series inaishia hapo. Akasikitika kweli kweli, akaniuliza kama humo ndani walikuwa na watoto.

Wakuu, mpaka naandika hapa sielewi. Onesmo alitudanganya? Au kuna mkanda mwingine? Hamimu naye aliona ya Kifaransa, nani anajua na huko waliongeza nini?

Somo nililopata: kabla hujagombana na mtu juu ya kitu mlichotazama wote, muulize kwanza nani alimtafsiria.

Kama kuna aliyeiona kwa lugha yake yenyewe, aje aniambie captain alishuka au hakushuka. Akisema hakushuka, aseme taratibu. Mama naye ameniomba nimsomee majibu yenu.