Godoro nililolichagua mimi

Wanawake wenzangu, nimemchagulia mke mwenzangu godoro bila kujua.

Wiki nzima mume wangu ananionyesha magodoro kwenye simu. Yale ya kifahari, ya watu wawili, kila upande na joto lake.

"Mama Rehema, wewe ndiye mjuzi wa vitu. Upande wa mwanamke uweje?"

Nikasema uwe wa joto. Mimi nashinda majini kwenye mwani, narudi natetemeka.

Akacheka. Akaagiza.

Leo asubuhi tumelipokea bandarini, Kilindoni. Rimoti yake akanipa nimshikie, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nikatangulia nyumbani kwa bodaboda, godoro langu kuukuu nikampa jirani.

Nikasimama mlangoni na shuka mpya mkononi.

Kirikuu iliyobeba godoro ikatokea. Ikapunguza mwendo, ikapita, ikashika njia ya Ndagoni.

Ndagoni kwa mke mdogo!

Nampigia mume wangu, ananijibu bila haya: "Si wewe godoro unalo?"

Huyu ndiye aliyeapa mbele ya wazee kwamba kila kitu atagawa sawa. Kanga kwa kanga, mchele kwa mchele. Kumbe godoro halimo.

Sasa nimekaa mkekani, simu inaita tu. Godoro haliwaki. "Mama Rehema, rimoti iko wapi?"

Nyie mngemjibuje?

Mimi nimemwambia nimeshagawa sawa: mke mdogo godoro, mke mkubwa rimoti.