Mimea Iliyoona Jua Kabla Halijatoka

Mama yangu mdogo aliponiuliza nasomea nini hasa huko chuoni, nilimjibu kwa kiburi cha mtu aliyejifunza neno jipya. "Nasoma namna kaboni inavyozunguka baharini."

"Kaboni?" akasema. "Ile ya kuweka katikati ya karatasi za kitabu cha oda? Hiyo si inauzwa hapo chini, mwanangu? Kweli ulihitaji kupanda ndege?"

Nilikasirika. Hasira zangu huwa karibu, na wakati ule nilikuwa na umri wa kuamini kwamba msomi hataniwi. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa Dar, amepanga chumba na sebule mtaa wa Sanyuanli, ananunua nguo kwenye masoko ya Zhanxi na Shisanhang na kuzisafirisha nyumbani. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya sayansi ya bahari, mtoto wa Njombe ambaye bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu kabla ya kuja Guangzhou. Siku za kazi nililala bwenini, mwisho wa wiki nikaenda kwake kula ugali.

Basi nikamweleza upya, huku nimenuna. Nikamwambia kwamba kaskazini kabisa, kwenye bahari za baridi, dhoruba za kipupwe huvuruga maji na kupandisha juu mbolea iliyotuama chini. Lakini mimea midogo isiyoonekana kwa macho haiwezi kuitumia vizuri, kwa sababu mawimbi yanaizamisha gizani kila mara. Halafu siku zinarefuka, upepo unatulia, maji ya juu yanapata joto kidogo na kubaki juu, na mimea inabaki kwenye mwanga. Ndani ya siku chache inaongezeka mpaka bahari inabadilika rangi. Inavuta hewa ukaa kama mahindi yanavyoivuta. Sehemu kubwa inaliwa na kurudi hewani, na sehemu inazama vilindini pamoja na kaboni yake, ikakaa huko miaka na miaka.

"Kumbe ni shamba," akasema. "Ungesema shamba tangu mwanzo, tungekuelewa."

Kazi yangu ilikuwa kulihesabu shamba hilo. Profesa wangu alikuwa na masanduku ya chupa ndogo za maji kutoka kituo kimoja cha kaskazini, yaliyochotwa mara tatu kwa wiki katika majira yote ya machipuko, yakatiwa aidini hadi yakafanana na chai ya rangi. Nilimimina kidogo, nikayaacha yatuame siku nzima, ndipo nikainamia hadubini na kuhesabu vijimea kimoja kimoja. Vingine vilikuwa na magamba ya kioo yaliyochongwa vizuri kuliko urembo wowote wa Zhanxi. Nilivipenda. Sioni haya kusema hivyo.

Mwaka ule msako ulikuwa umepamba moto. Polisi walisimama kwenye milango ya metro na kwenye ngazi za majengo ya maduka ya jumla, wakidai pasipoti za Waafrika. Viza ya mama mdogo ilikuwa imepita kwa siku kadhaa, na wakala aliyeahidi kumshughulikia hakupokea simu tena. Akajifungia ndani na kufanya biashara yake yote kwa simu. Baadaye aliondoka salama, kwa faini na karipio, na leo ana duka lake. Nasema hili mapema ili msomaji asihangaike naye kama nilivyohangaika mimi.

Kwa upande wangu, kibali cha kuishi kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Ili kiongezwe nilihitaji barua ya profesa ya kuthibitisha kwamba kazi yangu inakwenda vizuri, na barua isingetoka mpaka aikubali ripoti ya zile chupa. Bila barua ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Ijumaa moja nikampelekea grafu. Alikuwa mtu mpole asiyepandisha sauti. Akaweka kidole kwenye wiki ya tatu. Boya lenye vipimo lilionyesha kwamba dhoruba ilitulia na jua likatoka Jumapili. Kwenye grafu yangu mimea ilikuwa imeongezeka maradufu tangu Jumamosi, dhoruba ikiwa bado inavuma, na kufikia Jumatatu ilikuwa imejaa tele.

"Mimea yako inaona jua kabla halijatoka," akasema.

Akauliza kama nilichanganya chupa. Nikajibu hapana, kwa ukali usiostahili. Akasema, kwa sauti ileile ya upole, kwamba hawezi kutia sahihi kwenye jambo asilolielewa. Akanipa mpaka Jumatano.

Nikaenda Sanyuanli na daftari langu. Jumamosi na Jumapili nilirudia hesabu zote, na zote zilikuwa sawasawa, jambo lililoniumiza zaidi. Nililia mbele ya sahani ya ugali. "Kama ni kurudi, tutarudi wote," mama mdogo akasema, akanisogezea mchuzi.

Jumatatu asubuhi sikuwa na moyo wa kwenda maabara. Nikiwa bado pale, ofisi ya kargo ikapiga simu kwamba blauzi za mama mdogo hazijafika. Akawaka. Akampigia mwenye duka wa Zhanxi kwa kile Kichina chake cha sokoni, ambamo laobani ni bosi na meyo ni hakuna.

"Laobani! Mzigo meyo! Tulisema shingchi san! Shingchi san, mzigo meyo, kwa nini?" Kisha akanitupia simu. "Hebu mseme huyu, mimi maneno yameniishia."

Mwanamke wa upande wa pili naye alikuwa amechemka. Alisema mteja mwenyewe ndiye aliyetaja siku ya tatu ya wiki, na leo ni siku ya kwanza. Akauliza kama mtu huyu hajui kuhesabu.

Nikamgeukia mama mdogo. "Shingchi san ni Jumatano."

"San si tatu?"

"Ni tatu."

"Sasa tatu si Jumatatu? Na wewe unajiita msomi!"

Nikafungua kinywa nimcheke, nikazikumbuka zile chupa. Wachina wanaanza kuhesabu wiki siku ile tunayoiita Jumatatu. Sisi tunaanza Jumamosi, na jina lenyewe linasema hivyo. Wachina waliochota yale maji walikuwa wameandika kwenye chupa namba ya wiki na namba ya siku tu: moja, tatu, tano. Nami, kwa mkono uliozoea kuandika meseji, nilinakili kwenye daftari J1, J3, J5. Wiki mbili baadaye, nikiingiza kwenye kompyuta, nikayasoma maandishi yangu kama Mtanzania yeyote angeyasoma: Jumamosi, Jumatatu, Jumatano. Kila chupa nilikuwa nimeirudisha nyuma siku mbili. Darasani nilizitaja siku za Kichina bila kukosea hata moja, ila mkono wangu haukuwa umehudhuria darasa.

"Mama mdogo, umeniokoa!"

"Nimekuokoa na nini? Blauzi zangu ziko wapi?"

Nikamwomba radhi mwenye duka, tukakubaliana mzigo uende kesho yake, nikakimbilia metro. Polisi aliyesimama mlangoni alikifungua kibali changu, akahesabu kwa vidole siku zilizobaki, akanirudishia.

Maabara nilianza upya, kibandiko kwa kibandiko, maana sikujiamini tena. Kisha nikachora. Jumapili jua likatoka. Jumatatu mimea ikawa maradufu, Jumatano ikajaa, Ijumaa ikazidi, na wiki iliyofuata mtego uliotegwa kwenye kina kirefu ukaanza kupokea iliyozama. Nilipiga makofi peke yangu mbele ya kompyuta.

Jumatano nilimweleza profesa kwa aibu, nikamwandikia siku za Kiswahili na namba zake kwenye karatasi. Akazifuata kwa kidole. Alipofika Jumatano, ambayo kwetu ni ya tano, alicheka mpaka akavua miwani. Akaniagiza niliandike kosa hilo kwenye ripoti bila kuficha kitu. Kisha akavuta karatasi yenye nembo ya chuo, akaanza kuandika, na bila kuinua kichwa akamwambia fundi wa maabara, "Mwaka ujao waambie waandike tarehe kamili. Huyu ndiye atakayezihesabu tena."

Mwaka ujao. Kwa miezi mingi sikuwa nimemsikia mtu akisema hivyo juu ya mmoja wetu. Mazungumzo yetu yote yalikuwa ya siku zilizobaki.

Nikatoka koridoni na barua mkononi, nikampigia mama mdogo. Nikawa nalia tu kwenye simu.

"Wamekukamata?" akauliza. "Uko kituo gani? Usiseme kitu, usitie sahihi karatasi yoyote. Nakuja."

Nikasikia mlango ukibamizwa, kisha kandambili zikishuka ngazi mbio, na viza hana.

"Rudi ndani!" nikapiga kelele, watu wakachungulia kutoka kila chumba. "Mama mdogo, rudi ndani! Amesaini!"