Miti Tuliyoipiga Namba Nyeupe

Mgodi aliokuwa akifanya kazi mume wangu ulipofungwa, mimi nilikuwa mwalimu asiyelipwa mjini, mtaa wa Hewa Bora. Kwa hiyo niliposikia kwamba mradi wa kaboni unatafuta mtu wa kuongea na wanakijiji kwenye barabara ya Kasenga, sikuuliza mengi. Kazi yangu ilikuwa kueleza jambo ambalo mwenyewe nililielewa nusu: msikate miti, msichome makala, yaani mkaa, na viwanda vya mbali vinavyochafua hewa vitalipa ili msitu ubaki umesimama. Nanyi mtapata shule na kisima.

Wa kwanza kuniamini alikuwa mjane aliyeishi kwa kuchoma makala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kama banatudanganya?"

"Nitakuya miye mwenyewe kukuambia."

Akabomoa tanuru lake la udongo kwa jembe, mbele yangu. Misimu miwili tulizunguka pamoja, yeye ameshika ncha moja ya utepe, mimi nyingine, tukipima unene wa kila mti na kuupiga namba kwa rangi nyeupe. Sasa aliishi kwa mihogo tu. Alikonda. Nilijifanya sikuona.

Kisha nchi ikachafuka. Malori yakaja na watu wenye bunduki, wakitaka mukula, ule mti mwekundu unaouzwa ng'ambo. Chifu wa kijiji aliwaonyesha karatasi za mradi. Mmoja wao akazikunja, akazitia mfukoni. Walikata siku tisa. Nilipofika, mjane alinipitisha kisiki baada ya kisiki. Magogo waliyoyadharau yalikuwa yamelala kwenye majani, namba zetu bado zinasomeka.

Nilipeleka habari ofisini mjini. Mkubwa wangu alinisikiliza akiwa amesimama, maana viti vilikuwa vimeshabebwa.

"Wanunuzi wamejitoa," alisema. "Msitu uliokatwa hauuziki. Usijisumbue kurudi kule."

Nilikuwa nimechoka hata nikatamani kumtii. Nilirudi hata hivyo. Nilimkuta mjane anamenya mihogo, nikamwambia yote.

"Basi iko fini?"

"Iko fini, mama. Imekwisha."

"Miye niliacha makala juu ya neno lako," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniwekea bukari, ugali wa mihogo, na samaki mkavu, akasema nile kwanza, njia iko murefu. Nilipomaliza akaniuliza daftari langu linasema miti gani iliyobaki ni minene. Nilijua anaitakia nini. Nikamsomea, ukurasa kwa ukurasa, naye akirudia namba kwa sauti ndogo ili asizisahau.

Mchana ule gari pekee la kwenda mjini lilikuwa lori la makala. Nikapanda juu ya magunia. Lilipopata pancha, dereva aliniuliza ninafanya kazi gani. Nilimwambia ninafundisha shule.