Gauni la Posa

Fundi cherehani wa jumba la maigizo alikuwa amemshonea binti mmoja gauni la harusi mara tatu, na mara zote tatu binti huyo hakuolewa.

Binti mwenyewe ni wa hekaya ya Wagiriki wa kale. Baba yake ni mfalme. Jeshi lake limekwama ufukweni na merikebu elfu, upepo hakuna, na mtabiri amesema miungu haitatoa upepo mpaka mfalme amchinje bintiye. Sasa utamwitaje msichana aje kuchinjwa? Mfalme akatumia akili. Akatuma ujumbe nyumbani kwamba binti amepata mchumba, shujaa wa mashujaa, avae vizuri aje upesi. Binti wa watu akaja mbio na gauni lake, na kilichokuwa kinamngoja ni kisu.

Mara ya kwanza, mwongozaji wa zamani alitaka msichana aburutwe akipiga kelele. Fundi akashona bega kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, ili nguo iachie mbele ya watu. Mara ya pili, miaka kumi baadaye, alikuja mwongozaji mwingine aliyesema hapana, msichana huyu anakubali kwa moyo wake, anakufa kwa ajili ya nchi. Gauni likawa refu lenye mkia, na watu walisimama wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Safari hii ya tatu mwongozaji alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, naye aliamua kwamba dakika ya mwisho miungu inamnyakua binti, inaweka swala mahali pake, na kisu kinampata swala.

"Fundi, wewe umeyaona maigizo yote matatu," mwongozaji alimwambia. "Lipi ndilo la kweli?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Mnabishana msichana alikufaje. Hakuna anayeuliza nani alimwambia avae vizuri."

Mwongozaji akacheka, akasema hiyo kali, akaiandika daftarini. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kueleza, akaongeza kwamba baadaye mama mtu alilipiza kisasi akamuua mumewe, lakini huo ni mchezo mwingine. "Sisi tunaishia kwenye swala," alisema.

Fundi hakuwekewa swala. Yeye yalipomkuta alikuwa na miaka kumi na tisa, mchumba anaye, barua ya posa imeshajibiwa, na kazi anayo kwenye kiwanda cha magunia ambako baba yake alikuwa msimamizi. Mashine ya kukatia ilikuwa na kinga ya chuma mbele ya kisu. Baba aliamuru ing'olewe kwa sababu ilichelewesha kazi. Wiki ya tatu kisu kikala mkono wa mfanyakazi mmoja mpaka begani, akafia njiani kabla ya kufika hospitali. Kesho yake baba akatuma ujumbe nyumbani: vaa lile gauni lako la posa, wakwe zako wako ofisini kwangu, wanataka kukuona.

Alivaa. Akapaka wanja, akaazima viatu vya shangazi yake, akaenda akijizuia asikimbie. Ofisini alimkuta meneja, askari wawili, na karatasi iliyokwisha kuandikwa kwamba aliyeing'oa kinga ni yeye.

"Weka sahihi," baba yake alisema bila kumtazama usoni. "Kaka yako yuko mwaka wa mwisho chuoni. Mimi nikifungwa, nyumba nzima imekwisha. Wewe ni msichana, watakuhurumia."

Nani amhurumie? Alifungwa miaka mitatu, na huko ndiko alikojifunza cherehani. Mchumba alimwoa msichana aliyesoma na Fundi darasa moja. Mama alikufa mwaka wa pili, na binti hakuruhusiwa kwenda kumzika. Kaka mtu akamaliza chuo, akawa mhandisi, akaoa, akahamia mji mwingine. Upepo ulivuma na merikebu zikaondoka.

Sasa mzee alikuwa na miaka themanini na minne, miguu imekataa kazi. Na katika watoto wake wawili, unadhani aliishi kwa nani? Kwa yule aliyechinjwa. Fundi alimwogesha, akamkata kucha, akampondea chakula maana meno yalibaki matatu. Kaka alipiga simu mara moja kwa mwezi, na siku hiyo mzee alishinda na simu mapajani, hataki mtu aiguse.

Wageni wakija, mzee alikuwa na hadithi yake. "Huyu binti yangu ana moyo," aliwaambia. "Alikubali mwenyewe kwenda ndani kwa ajili ya familia. Nilimkataza, hakusikia." Wageni walimtazama Fundi kwa huruma, na yeye aliendelea kumimina chai. Aliwahi kumsikia akiisimulia hadithi hiyo kwa jirani, kwa daktari wa macho, hata kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Alichokitaka Fundi duniani kilikuwa kitu kimoja. Kabla mzee hajafumba macho, aseme kwa kinywa chake: nilikudanganya. Radhi asiombe, machozi asitoe, aseme tu neno hilo kisha afe salama.

Kwa hiyo siku ya mazoezi ya mwisho, mchana kweupe, alimsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka jumba la maigizo, akamweka safu ya mbele. Jukwaani hakutazama hata kidogo. Alimtazama baba yake. Ujumbe wa uongo ulipofika, mzee alikohoa. Binti alipotokea na gauni jeupe akiuliza mchumba yuko wapi, mzee alishika mikono ya kiti. Kisu kilipoinuliwa, machozi yakamtoka mzee, machozi ya kweli, yakateremka mpaka kwenye kola. Fundi alimshika mkono. Akasema moyoni, leo ndiyo leo.

"Maskini yule baba," mzee alisema akifuta pua. "Ameteseka sana. Watu hawajui uzito wa kubeba familia."

"Na binti je?"

"Binti si ameokoka? Kaletewa swala." Akafikiri kidogo. "Gauni limemkaa vizuri. Umeshona wewe?"

Njiani Fundi alipiga breki ya kiti kando ya barabara, mbele ya duka la vioo, akazunguka akasimama mbele ya baba yake. Miaka thelathini na mitatu hakuwa amethubutu.

"Baba, siku ile ofisini hakukuwa na wakwe. Ulinidanganya."

"Kalamu alishika nani?" mzee alijibu papo hapo, jibu la mtu aliyeliweka tayari siku nyingi. "Mimi? Si wewe uliyeweka sahihi? Usinitafutie lawama uzeeni. Fadhila ya punda ni mateke. Twende, jua linaniunguza."

Fundi alifungua breki akasukuma. Kwenye vioo vya lile duka alijiona mara kumi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anayesukuma kiti.

Asubuhi alimpigia kaka yake. "Kaka, mchukue baba. Hata miezi sita tu."

"Mdogo wangu, wifi yako hawezi na wazee, unamjua," kaka alisema. "Lakini kuna yale makao ya wazee, nasikia ni pasafi. Nitagharamia mimi. Ila usimwambie kuwa nimekataa. Atavunjika moyo."

"Nimwambie nini?"

"Utajua mwenyewe. Wewe ndiye unayekaa naye."

Fundi alikata simu, akachukua utepe, akaingia chumbani kwa mzee akampima mabega kwa ajili ya koti.

"Kaka anakuja kukuchukua Jumamosi," alisema. "Amekutengenezea chumba. Anataka akukute umependeza."

Mzee alichanua uso mzima. "Nilijua!" alisema. "Mwanamume ni mwanamume. Hapa nilikuwa nimeegeshwa tu." Wiki nzima hakutulia. Aliwaaga majirani kupitia dirishani, akataka kunyolewa mara mbili, akauliza kama koti litakuwa na mfuko wa ndani. Fundi aliuweka mfuko wa ndani. Koti lenyewe alilishona kwa bandi tupu, mashine hakuigusa, kwa kuwa nguo ya kuvaliwa mara moja haihitaji zaidi.

Jumamosi walikwenda kwa gari la kukodi. Mzee aliambiwa watakutana na mwanawe njiani. Lango lilifunguliwa, kiti kikasukumwa kwenye ukumbi uliopigwa deki asubuhi hiyo, sakafu bado ina unyevu. Wazee watatu walikaa kwenye benchi wakitazama televisheni iliyozimwa. Mtunzaji mwenye sare ya buluu alileta fomu.

"Mwanangu yuko wapi?" mzee aliuliza. "Anaegesha gari?"

"Weka sahihi hapa, baba," Fundi alisema.

Mzee aliitazama karatasi. Akawatazama wale watatu kwenye benchi. Mwisho akalitazama koti lake, akapapasa kola, na alipoinua mkono mshono wa kwapani ukaachia.

"Umenidanganya," alisema.

Miaka yote hiyo Fundi alingoja neno hilo litoke kinywani mwa baba yake. Lilitoka, na aliyeshtakiwa alikuwa yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na mzee wa watu siku hiyo aliuonja upande wa pili.

"Kalamu anashika nani, baba?"

Mzee alitia sahihi. Angefanya nini? Nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kumfungulia mlango, naye aliliona hilo usoni mwa bintiye. Fundi alikuwa ametegemea moyo utapoa. Haukupoa. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona furaha ndogo iliyomtisha kuliko aibu yenyewe.

"Mwanangu!" mzee aliita alipokuwa anasukumwa kuingia ndani. Fundi hakujua anaitwa yeye au kaka yake, na hakugeuka kuuliza.

Jumatatu alikuwa kwenye chumba cha mavazi akipandisha pindo la gauni jeupe, maana mwigizaji alilikanyaga. Mwongozaji aliingia na daftari lake.

"Baba hajambo? Nilimwona akilia siku ile, nikasema huyu mzee ana moyo mwepesi."

"Hajambo. Yuko makao ya wazee."

"Ah, pole. Wazee huwa hawataki kabisa. Ilikuwaje?"

Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno, akalikung'uta gauni ili mkunjo uanguke sawa.

"Alikubali mwenyewe," alisema. "Nilimkataza, hakusikia."