Namba za Mama Mkwe

Kwa muda mrefu mlinzi wa fedha zangu benki alikuwa mama mkwe wangu, na mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kuongea hata sentensi moja.

Ngoja nieleze, maana najua nimeanza vibaya. Kwa Wasukuma wa upande wa mke wangu, vijiji vya nyuma ya Kolandoto, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hamli pamoja, hampeani mikono, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwenye mahindi kama anayetafuta kuku aliyepotea, na kwa kawaida mwingiaji ni mimi. Najua vijana wa mjini siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Siwasemi. Mimi nilifundishwa hivyo na nimezeeka nayo.

Sasa benki iliingiaje hapo? Mimi ni fundi vigae mjini Geita, na tulikuwa tumepanga mtaa wa Kalangalala. Siku nilipofungua akaunti simu yangu ilikuwa kwa fundi, imeingia maji, kwa hiyo nikaandikisha namba ya mke wangu. Baadaye mke wangu alipata simu mpya na laini mpya, na ile ya zamani akampelekea mama yake pamoja na laini yake, ili tuwe tunampata. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya laini ile kulikuwa na benki.

Tulikumbushwa pale benki ilipoleta utaratibu mpya. Zamani ukitaka kuingia kwenye akaunti kwa simu, unaandika namba yako ya siri, basi. Sasa ukishaandika ya siri, benki inatuma tarakimu sita kwenye namba uliyoandikisha, uziandike nazo, na hazikai muda mrefu kabla hazijafa. Niliandika ya siri, kioo kikaniambia niangalie simu yangu. Nikaangalia. Hakuna kitu. Huko Kolandoto simu ikalia kwenye pindo la kitenge cha mama mkwe.

Ungesema, nenda tawini ukabadilishe namba. Nilikwenda. Wanataka alama za vidole, na vidole vya fundi vigae vimeliwa na saruji hadi vimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mashine ilinikataa kidole gumba, ikanikataa cha pili, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna, nikaondoka nimenuna. Mke wangu akanishauri nivipake mafuta ya kula kila usiku hadi mistari irudi. Kilichorudi ni sisimizi.

Kwa hiyo tukaishi hivyo. Mimi nafungua benki Geita, simu inalia Kolandoto, mama mkwe anatafuta miwani, anampigia mke wangu, anamsomea tarakimu mojamoja, mke wangu ananipigia kelele kutoka jikoni, naandika, kioo kinasema muda umekwisha. Tunaanza upya. Niliichukia ile kazi. Niliitukana benki kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na nilipoishiwa nikaazima matusi ya wachimbaji.

Ningeachana nayo, lakini mle ndani kulikuwa na mabati. Namaanisha fedha ya mabati. Tulikuwa tumesimamisha nyumba yetu pembezoni mwa mji, kuta zimekamilika, juu mbingu tupu, mvua zinakaribia, na mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa ameshatuambia anamtaka mpangaji mwingine. Fedha ile ikipotea, tungelala ndani ya kuta zetu tukihesabu nyota.

Basi siku moja mke wangu alikuwa Ushirombo, dada yake amejifungua, na simu yake haina chaji kama kawaida ya simu za watu walio kwenye uzazi. Mimi nilikuwa napanga vigae kwenye bafu la mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni Mhindi aliyezaliwa Shinyanga, na Kisukuma chake kinawashinda watoto wangu. Simu yangu ikalia.

"Ndugu mteja, nakupigia kutoka benki. Tunaboresha mfumo. Akaunti yako inafungwa leo."

"Isifungwe!" nikasema. "Kuna mabati humo."

Alinielewa haraka sana, nikampenda. Akaniomba namba ya siri ili azuie kufungwa. Nikampa. Mikono ilikuwa na saruji, sikuwa na nafasi ya kufikiri.

"Vizuri. Sasa kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako. Nisomee."

"Kwangu haziji. Zinakwenda kwa mama mkwe."

"Kwa nani?"

"Mama mkwe. Yuko Kolandoto."

"Basi mpigie, akupe."

"Mimi? Nimpigie mama mkwe?" Nilicheka hadi nikakaa kwenye ndoo. Nikamweleza habari ya mahindi. Akasikiliza akipumua kwa nguvu, kisha akasema nimpe namba ya huyo mama, ampigie yeye.

Nisikufiche, nilifurahi. Miaka yote ile hakuna mtu wa benki aliyewahi kujitolea kunisaidia mzigo wangu. Nilimpa namba, tena nikamfundisha. "Usiingie na shida yako moja kwa moja. Anza na shikamoo. Mwite mayu, yaani mama, ndiyo heshima. Muulize mvua, ng'ombe, na mguu wake wa kushoto, unamsumbua."

Baada ya muda akanipigia. Sauti ilikuwa imechoka.

"Ndugu, huyu mama ananiuliza ukoo wangu."

"Ndiyo, lazima ajue."

"Nimeuliza ng'ombe. Amenitajia mmojammoja! Vocha yangu inakwisha. Tarakimu hatoi, anasema hanijui."

"Kweli hakujui," nikamtetea mama mkwe.

"Sasa nampigia tena namwambia mimi ndiye wewe, mkwe wake."

"Hapana kaka, hapo utaharibu..." Alikuwa ameshakata. Nilibaki namhurumia kwa dhati. Kijana wa watu, yuko kazini, anakwenda kujiaibisha.

Yule mama wa duka akaingia kukagua bafu lake, akanikuta nimekaa kwenye ndoo. Nikamsimulia yote, tena kwa majivuno, jinsi benki yangu inavyojali wateja. Uso wake ukabadilika.

"Fundi. Umempa namba ya siri?"

"Nimempa."

"Benki haiombi namba ya siri, fundi. Haiombi kwa simu, haiombi hata wakija kunywa chai kwako. Huyo ni mwizi. Mlango wa mbele umeshamfungulia mwenyewe. Kilichobaki ni komeo la ndani, na komeo analo mama mkwe wako. Zile tarakimu zinaletwa kwa sababu hiyo, ili mtu akishaiba namba yako ya siri bado akwame. Akizipata, umekwisha."

Niliogopa kuliko siku niliyoshushwa kwenye shimo la dhahabu kwa kamba ya katani. Niliona kuta zetu na mvua inanyesha ndani, na mke wangu ameshika sufuria hajui aiweke wapi. Na yule mwizi nimemfundisha mimi mwenyewe kusalimia!

Mama wa duka akachukua kadi yangu ya benki, akaanza kupiga namba iliyoandikwa nyuma yake. Akachezewa muziki wa kusubiri. Mimi nikampigia mke wangu, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, na mwili wangu wote ulikuwa unaikataa.

Nilisimama. Nikanawa mikono. Nikavua kofia. Nikageukia ukutani, maana hata kwa simu sikuona sawa kumtazama. Nikapiga.

"Haloo," sauti ikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia ikiwa imeelekezwa kwangu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mimi... mkwe wako."

Nikasikia kuku wa kwake. Ulimi ukanifunguka wote kwa pamoja: "Mayu, zile namba usimpe mtu yeyote! Mtu yeyote!"

"Mwizi mwingine!" akasema, akakata.

Nikapiga tena. Alikuwa ameizima kabisa. Nilipiga paji la uso kwenye vigae vyangu mwenyewe, na kimoja kilikuwa bado hakijashika, kikateleza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kama mimi simpati, mwizi naye hampati. Muziki wa kusubiri ukakatika, mtu wa benki, wa kweli safari hii, akaniuliza maswali yake na kuifunga akaunti. Hakuna kilichokuwa kimetoka. Nililia, na mama wa duka akajifanya anakagua bomba.

Mke wangu alirudi kutoka Ushirombo na habari ameshazipata kwa mama yake. Alinisimulia akiwa ameshika mbavu.

"Mama anasema wezi wawili walimpigia. Wa kwanza alisema yeye ni mkwe wake. Mama amecheka hadi majirani wakaja! Anasema, mkwe wangu? Mkwe wangu akiniona anaingia kwenye mahindi, leo anipigie kuniuliza mguu? Akamwambia, wewe ungekuwa mkwe wangu ungeshakimbia."

"Na wa pili?"

"Wa pili naye alisema hivyohivyo." Akanitazama. "Eti sauti yake ilifanana na yako."

Niliendelea kula. Ugali ule ulihitaji kutafunwa kwa makini sana.

Safari hii nilipokwenda tawini sikununa. Yule dada wa dirishani alijaribu vidole vyangu vyote, akavifuta kwa karatasi, akavipulizia, na mwishowe mashine ikakikubali kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakijawahi kufanya kazi yoyote zaidi ya kukuna sikio. Namba ikabadilishwa, akaunti ikafunguliwa. Nikatengeneza na namba mpya ya siri. Kuanzia hapo tarakimu zikaanza kuja kwangu, mfukoni mwangu, na mimi nikajiona mtu mkubwa. Mabati yakanunuliwa, yakapigwa, na mvua ya kwanza ilitukuta tuko chini yake tukipiga kelele kwa furaha, maana bila dari hamsikilizani.

Halafu siku moja mke wangu akakata simu, akanigeukia.

"Mama anauliza kama unaumwa."

"Mimi? Kwa nini?"

"Anasema siku nyingi hujamsalimia."

Sikuelewa, akanieleza. Mama mkwe hakuwa anajua habari za benki hata kidogo. Alijua tu kwamba simu ikilia na tarakimu zikatokea, ni mkwe wake wa Geita amefanya kazi yake yuko salama, na anazisoma kwa binti yake ili salamu ifike. Siku ile ya mwizi, zilivyokuwa zinaingia moja baada ya nyingine, alikuwa amejisemea kwamba leo mkwe amenikumbuka sana. Mimi miaka yote natukana, mwenzangu anaitikia.

Iliniuma. Nilitoka nje nikakaa. Kumpigia siwezi, na kumwandikia habari za mvua na mguu ni kuongea kwa mlango wa nyuma. Lakini tarakimu si maneno. Kwa hiyo sasa jioni nikishanawa saruji, nabuni tarakimu sita, zozote, namtumia. Benki haihusiki.

Juzi mke wangu alitaka kunitania. Akampigia mama yake, akaweka sauti kubwa.

"Mama, leo amekutumia ngapi? Nisomee."

"Sisomi."

"Mama! Mimi mwanao!"

"Hata wewe. Yule mwizi wa pili aliniambia nisimpe mtu yeyote." Akaongeza, "Alianza na shikamoo, yule. Mwizi mwenye adabu."

Nilikuwa mlangoni. Nikavua kofia, nikageukia ukutani.